Pampu imeandikwa 160 psi, mbona mimi naishia 45?

"Nina baiskeli ya barabarani niliyoinunua mtumba hapa Arusha, tairi 700x25, valvu zile nyembamba. Jumamosi natoka na wenzangu hadi Kikatiti, mara chache hadi Moshi. Mwezi uliopita nilipata pancha mbili. Ya kwanza nilibadilisha tyubu vizuri, lakini pampu yangu ndogo niliisukuma karibu dakika ishirini mpaka mikono ikatetemeka, halafu ikagoma kabisa. Nilirudi taratibu, na nyumbani geji ikasoma 45. Ya pili, valvu ilichanika shinani nikiwa bado najaza, nikarudi kwa bajaji. Pampu yenyewe ni fupi na nene, inaingia mfuko wa jezi, na imeandikwa 160 psi. Tairi limeandikwa 120. Wenzangu wanaume wanasema nina mikono dhaifu (nina kilo 58). Muuza duka anataka ninunue nene zaidi ili ijaze haraka, mwingine ananishauri ya gesi, mwingine ya betri. Na kwenye mashindano ya dunia ya Kigali sikuona mtu aliyebeba pampu. Ninunue ipi?"

Dada yangu, nianze na hilo la mikono, maana naona ndilo lililokuuma kuliko hata nauli ya bajaji. Umesukuma pampu ambayo haikutengenezwa kwa tairi lako, ukaifikisha pale ambapo mtu wa uzito wako angefika. Mwenzako wa kilo 80 angekuzidi psi kiasi (psi ni kipimo cha presha), kisha na yeye angekaa pembeni ya barabara akihema. Nitakuonyesha hesabu yake ili wakikutania tena uwe na la kuwajibu.

Pampu ya mkono ni bomba lenye pistoni ndani. Wewe unaisukuma pistoni mbele, upepo ulioshindiliwa unairudisha nyuma, na nguvu ya huo upepo inatokana na vitu viwili tu: presha iliyokwisha kuwamo ndani ya tairi, na upana wa uso wa pistoni. Upana huo ndio watu wanaousahau. Kipenyo cha pistoni kikiongezeka mara mbili, nguvu unayotakiwa kutoa inaongezeka mara nne.

Tuchukue kwamba pistoni ya pampu yako ina kipenyo cha milimita 25, maana ndivyo inavyosikika unavyoieleza. Tairi likiwa na psi 45, kila msukumo unakudai nguvu sawa na kunyanyua kilo 15 na nusu. Hapo ndipo ulipogoma, na umefanya hivyo mara mia na zaidi, umeinama juani. Ili uende hadi psi 75 ungehitaji kilo 26 kwa kila msukumo, yaani zaidi ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Na ile 160 iliyoandikwa ubavuni? Kwa pistoni hiyo ni kilo 55. Wewe una 58. Ungelazimika kuibebesha karibu mwili wako wote, kila msukumo, na bado tairi lingetaka uendelee.

Sasa chukua mikono ile ile, uchovu ule ule, kilo zile zile 15 na nusu, uipe pampu yenye pistoni ya milimita 18. Ungegomea psi 87. Ukiipa ya milimita 15, ungefika 125. Hakuna mazoezi ya mikono yatakayokupa tofauti kama hiyo ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo namba ya 160 isomwe kwa maana yake halisi. Ni ahadi ya kiwanda kuhusu bomba na mipira yake, kwamba havitapasuka wala kuvuja kabla ya kufika hapo. Haikuahidi chochote kuhusu mtu anayesukuma. Nimeona pampu mbili zimeandikwa namba moja, moja ukaifikisha psi 90 ukiwa unaongea, nyingine ikakukatalia 50. Ukiwa dukani, namba hiyo iache, utafute kipenyo na urefu.

Muuza duka wako hakukudanganya aliposema pampu nene hujaza haraka. Alikuwa akifikiria baiskeli nyingine. Tairi la baiskeli ya milimani ni pana, linameza upepo mwingi, na mwenye nalo anataka psi 25 au 30 tu. Kwa psi 30, pistoni ya milimita 25 inadai kilo 10 na kitu, kazi nyepesi, na kila msukumo unaingiza upepo wa kutosha. Pale unene ni faida tupu. Tairi lako la 25, yaani upana wa milimita 25, lina nafasi ya takriban lita moja tu ndani yake. Halina njaa ya upepo mwingi. Linataka upepo ulioshindiliwa sana.

Lakini nyembamba kupita kiasi nayo ina gharama yake, na sitaki uende ukanunue ile ndogo kama kalamu. Ili kufikisha tairi lako psi 75 kutoka tyubu tupu unahitaji kuingiza lita sita na kidogo za upepo wa kawaida. Pampu ya kipenyo cha milimita 15 yenye msukumo wa sentimita 13 inabeba sentimita za ujazo 23 kwa mara moja. Gawanya: misukumo 270 kwenye karatasi, na barabarani zaidi ya 300, kwa sababu hakuna pampu isiyopoteza kidogo. Ya milimita 18 yenye msukumo wa sentimita 17 inabeba 43. Misukumo 145 kwenye karatasi, tuseme 180 au 200 kiuhalisia. Hiyo ni kazi ya dakika nne au tano, na mtu wa kilo 58 anaimaliza akiwa na nguvu ya kurudi nyumbani.

Ukiuelewa urefu wa pampu, utaelewa pia kwa nini dakika zako ishirini nyingi zilipotea bure. Upepo ndani ya bomba haupiti kuingia kwenye tyubu mpaka presha yake izidi ile iliyoko ndani. Tairi likikaribia psi 75, upepo wa bombani unabidi ubanwe mpaka ubaki kama sehemu moja ya sita ya ujazo wake ndipo kivalvu kifunguke. Kwenye msukumo wa sentimita 17, sentimita 14 za mwanzo zinabana tu. Zinazojaza tairi ni zile karibu 3 za mwisho. Mtu akichoka hufanya nini? Anaanza misukumo mifupi ya haraka, kama anayepiga mswaki, na pistoni haifiki mwisho. Anatoa jasho, bomba linachemka, na ndani ya tairi hakijaingia kitu. Naamini robo ya saa yako ya mwisho ilikwenda hivyo. Pole sana, nakueleza kwa sababu dawa yake ni ya bure: vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka igote, pumzika kila baada ya misukumo 40 au 50. Polepole inafika.

Ndiyo maana pia pampu fupi inakunyonya. Ule upenyo mdogo unaobaki kichwani na kwenye mpira wa kuunganishia, pistoni ikiwa imegota, hubaki na upepo ulioshindiliwa ambao haukwenda popote. Unapovuta tena unatanuka na kuchukua nafasi ya upepo mpya. Kwenye pampu ndefu hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na msukumo mzima. Kwenye fupi inakula sehemu kubwa. Wazee waliotembea na zile pampu ndefu zilizofungwa kwenye fremu walikuwa na akili, na bado zinatengenezwa. Kama fremu yako ina nafasi na huoni aibu kuibeba, hakuna pampu ya mkono inayoishinda.

Tuje kwenye presha, kwa sababu hapa unaweza kujipunguzia mzigo kabla hujanunua chochote. Ile 120 kwenye tairi ni kikomo cha juu. Wengi wanaisoma kama agizo. Kwa uzito wako na tairi la 25, mimi ningeweka 75 nyuma na 70 mbele, na kwa lami yetu yenye viraka utakwenda haraka zaidi kuliko kwa 110, kwa sababu tairi gumu mno linarusharusha baiskeli na mwili, na nguvu hiyo unailipia wewe kwenye pedeli. Siku ikifika ya kubadilisha matairi, pima kama fremu na breki zinapokea 28. Matairi ya 28 yatakudai presha ndogo zaidi. Na ukiwa umepata pancha porini, 60 inatosha kukufikisha nyumbani. Nyanyuka kwenye kiti ukivuka mashimo na matuta, usiligonge tairi kwa uzito wote, maana likibonyea mpaka ringi ikabana tyubu utapata matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka.

Jambo moja la hatari nilitaje: kama ringi zako ni zile mpya zisizo na ukingo wa ndani wa kushikilia tairi, mwisho wake ni bar 5, yaani psi 72, hata kama tairi limeandikwa zaidi. Baiskeli ya mtumba ya miaka iliyopita kwa kawaida haina ringi hizo, ila angalia maandishi kwenye ringi kabla ya kujaza.

Valvu iliyochanika sasa. Pampu yako, nadhani, inabana moja kwa moja kwenye valvu bila mpira wa kuunganishia. Kila ukisukuma, mkono hauendi kwenye mstari ulionyooka; unapanda na kushuka kidogo, na pampu inageuka kuwa wenzo unaoikwanyua valvu pale inapotokea kwenye tyubu. Mara mia mbili ya hivyo, raba inachanika shinani, na hapo hakuna kiraka wala solusheni itakayoshika. Hii ndiyo sababu ninasisitiza pampu yenye kimpira chake, hata kifupi cha sentimita 8 au 10. Mkono ukiyumba, kimpira kinayumba, valvu inatulia.

Kimpira cha kuzungusha kwa hesi kina ugonjwa wake mmoja: ukikifungua, kinaweza kuondoka na kiini cha valvu, na upepo wote ukatoka kwa kishindo baada ya kazi yote ile. Inaumiza. Nunua chenye kitufe cha kutoa upepo uliobaki kwenye mpira kabla ya kufungua, na nyumbani kaza viini vya tyubu zako za akiba kwa koleo, kwa upole. Kabla ya kujaza, legeza kile kinati cha juu ya valvu, ukibonyeze mara moja mpaka kitoe "pss", maana huwa kinanata. Wengi wanaosema pampu imeharibika wamesahau hatua hiyo.

Kama utaendelea na pampu isiyo na mpira kwa sasa, kaa chini, egemeza gurudumu kwenye mti au goti, valvu ikiwa upande. Mkono wa kushoto ushike kichwa cha pampu pamoja na tairi, vidole vikizunguka spoki, dole gumba juu ya tairi. Huo mkono usisogee. Kulia ndiko kusukume, kiwiko kikiegemea paja ukiweza.

Gesi: katriji ya gramu 16 ina takriban lita 9 za kabonidayoksaidi, na tairi lako litapita psi 100 ndani ya sekunde chache. Kwa anayeshindana na muda, ni jambo zuri. Lakini ni nafasi moja tu. Tyubu ikiwa imebanwa na tairi ukaligundua hilo baada ya kufungua gesi, imekwisha. Gesi hiyo hupenya raba upesi kuliko upepo, kwa hiyo kesho yake tairi limelegea na lazima ulijaze upya. Chupa inaganda, ishike kwa kitambaa. Na huku kwetu katriji si kitu cha kukuta kila duka. Ukiwa nazo, beba, ila pampu usiiache.

Ya betri imeendelea sana. Inajaza tairi kama lako kwa dakika moja au mbili bila jasho, na mtu mwenye maumivu ya mkono au bega ningemwambia anunue hiyo bila kusita. Kwa wewe mwenye mikono mizima, wasiwasi wangu ni huu: chaji moja hutosha matairi machache tu, na kifaa kinachokaa mfukoni miezi mitatu bila kutumika ndicho kinachokutwa hakina chaji siku ya pancha. Ukiinunua, iweke kwenye ratiba ya kuchaji kila Ijumaa.

Kuna msaada wa nne ambao hukuutaja, nao uko kila kituo kati ya Tengeru na Boma Ng'ombe: kompresa ya fundi wa pikipiki. Kinachokuzuia kuitumia ni valvu yako nyembamba. Nunua adapta ya shaba, kile kidude kidogo kinachogeuza valvu nyembamba iwe kama ya pikipiki. Bei yake ni ndogo kuliko ya tyubu. Ifungie kwenye valvu mojawapo isipotee. Ila mwombe fundi akuachie ushike mwenyewe, na upige kwa vipande vya sekunde moja, ukiminya tairi kwa kidole kila mara. Tairi la gari linameza makumi ya lita. Lako ni lita moja, na kompresa inaweza kulipasua kabla fundi hajageuza shingo.

Kuhusu Kigali, uliona sawasawa. Waendeshaji wale Septemba 2025 walikuwa na magari ya kuwahudumia yakiwafuata na magurudumu ya akiba juu ya paa. Nyuma yako kwenye njia ya Moshi kuna lori na basi.

Ninunue ipi, umeuliza. Pampu ya alumini, urefu wa sentimita 23 hadi 30 ikiwa imefungwa, pistoni ya milimita 17 hadi 19, yenye kimpira kinachotoka. Ifunge kwenye fremu kando ya chupa ya maji, iwe na kamba yake ya kuishikilia. Mfuko wa jezi uachie ndizi na simu. Kuna nyingine nzuri zenye mguu mdogo wa kukanyagia, unasimama na kusukuma kwenda chini kwa uzito wa mwili kama pampu ya nyumbani. Ni nzito kidogo na ndefu zaidi, lakini kwa mwili mwepesi zinasaidia sana, na kama ukiikuta kwa bei inayokufaa chukua hiyo.

Dukani usilipe kabla ya kujaribu. Ziba tundu la upepo kwa dole gumba, sukuma: mpini urudi wenyewe kama springi. Ukizama na kubaki kule, mipira ya ndani inavuja. Kisha omba gurudumu la 25 au 28, toa upepo wote, jaza mpaka 70 ukihesabu misukumo. Muuza duka akikataa, nenda lingine. Kwangu kuna gurudumu limefungwa mezani kwa kazi hiyo tu, na watu hubadilisha mawazo kwenye msukumo wa sitini. Kipenyo ukitaka kukijua, pima unene wa bomba kwa nje na utoe milimita 2 au 3. Uliza pia kama mipira ya akiba inapatikana. Vumbi letu linakausha raba. Mafundi wa zamani walilowesha kikombe cha ngozi cha pampu kwa mafuta ili kivimbe na kuziba, na kanuni bado ni ile ile: mara mbili kwa mwaka fungua pampu, ifute, paka grisi kidogo ya silikoni kwenye raba ya pistoni.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Pancha mbili ndani ya mwezi zinanitia mashaka na tairi lenyewe. Kando ya barabara ile kumejaa nyuzi za chuma kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, fupi na nyembamba kama unywele, zinajichoma ndani ya raba na kutoboa kila tyubu mpya unayoweka. Geuza tairi, pitisha kipande cha pamba ndani yake pole pole pande zote. Kikinasa, hapo pana waya au mwiba, utoe kwa koleo. Kama matundu yako upande wa ringi, tepu ya ringi imesogea. Ukiona tairi limechanika ubavuni, nyuzi zikionekana, au ringi ina ufa, au ukingo wa tundu la valvu unakata, usiiendeshe. Mpelekee fundi aione kwa macho. Na mikono: kutetemeka baada ya kazi ile ni kawaida. Ganzi kwenye vidole inayobaki siku kadhaa, au maumivu ya kifundo unapopiga breki, ni ya kumwona daktari au mtaalamu wa viungo, na fundi naye apime urefu wa usukani wako.

Tyubu iliyochanika usiitupe. Ukija kwa fundi uje nayo, pamoja na pampu ya zamani. Ukingo wa mchaniko unaonyesha kama ni pampu iliyoikwanyua au ni tundu la ringi lililoikata, na kama ni ringi, pampu mpya haitakusaidia mpaka tundu hilo lisuguliwe kwa msasa.